Nyumba yenye joto bila jiko: jua, tungamo na vihami kwenye miinuko ya Mbeya na Makete

Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku wa Mbeya hushuka hadi nyuzi 7 au 8 za sentigredi, na Makete hushuka zaidi. Kesho yake anga ni jeupe, jua linawaka tangu asubuhi, na mchana unafika nyuzi 20 au 22. Joto linalohitajika usiku limeshafika uwanjani mchana. Kazi ya mjenzi ni kuliingiza ndani, kulipa mahali pa kukaa, na kulizuia lisitoke kabla ya alfajiri. Nyumba nyingi zinazojengwa leo kwa bloku, bati na madirisha makubwa ya aluminiamu hazifanyi hata moja kati ya hayo matatu.

Mwongozo huu unafuata chumba kimoja, sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 2.7. Kuta zake mbili zimetazama nje, na nyingine mbili zinapakana na vyumba vingine. Vipimo vya pembe ya jua ni vya Mbeya, nyuzi 8.9 kusini mwa ikweta. Makete iko karibu kiasi kwamba vinatumika bila marekebisho.

Tungamo na kihami si kitu kimoja

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu anajenga ukuta mnene wa tofali za kuchoma akiamini unazuia baridi. Tofali ni tungamo: linakunywa joto, linalikalia, kisha linalitoa polepole kwa upande wowote ulio baridi zaidi. Halizuii. Ukuta wa tofali wa sentimita 23 hupitisha joto karibu mara 19 kuliko sterofomu ya unene uleule. Sterofomu, lile povu jeupe jepesi, ni kihami: haihifadhi kitu; inazuia tu.

Pima uwezo wa kuhifadhi kwa yuniti zilezile unazonunua za umeme. Mita moja ya ujazo ya zege ikipanda nyuzi 1 imebeba kama yuniti 0.56. Ya tofali za kuchoma imebeba kama 0.4, na ya maji 1.16. Ya sterofomu haifiki hata sehemu moja ya mia ya yuniti.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na kila kipimo kinachofuata kinaitumikia: kitu kizito kikae ndani, kihami kikae nje yake. Ukibandika kihami upande wa ndani wa ukuta wa tofali, ukuta wote umeutoa kwenye hesabu ya nyumba na kuukabidhi kwa baridi ya nje. Chumba kitapata moto haraka saa 6 mchana na kupoa haraka saa 2 usiku.

Wazee wa Ugogo na Uhehe waliojenga tembe walikuwa na paa la udongo mzito juu ya kuta za udongo. Tungamo lilikuwa pande zote, juu hadi chini. Bati lilipokuja lilimaliza tatizo la kuvuja, lakini bati la milimita 0.3 halihifadhi joto wala halihami. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kurudisha kile ambacho paa la zamani lilikuwa likifanya.

Njia hii inahitaji mchana wenye jua na usiku wenye baridi. Kwenye miteremko ya Mufindi yenye ukungu, au Limuru nchini Kenya ambako Julai hujaa mawingu, dirisha la jua litakupa kidogo, kwa hiyo weka fedha kwenye vihami. Pwani ni habari nyingine kabisa: usiku wa Dar es Salaam haupoi vya kutosha, na ukuta mzito wa chumba cha kulala hukurudishia joto la mchana usiku kucha. Huko tafuta kivuli na upepo.

Hesabu kabla ya msumari wa kwanza

Chukua usiku wa saa 12, ndani nyuzi 18, nje nyuzi 8. Tofauti ni nyuzi 10. Sebule yetu ikiwa na dari ya jipsamu tupu chini ya bati, na madirisha yasiyofunga vizuri, inapoteza hivi:

- Dari, mita za mraba 20: kila mita huvujisha kama wati 2.5 kwa kila nyuzi ya tofauti. Jumla yuniti 6.
- Kuta mbili za nje, mita za mraba 21 baada ya kutoa dirisha: kama wati 2 kwa mita. Yuniti 5.
- Dirisha la kioo kimoja, mita za mraba 3: wati 5.7 kwa mita. Yuniti 2.
- Hewa inayopenya, chumba kikibadili hewa yote mara 3 kwa saa: yuniti 6.4.

Jumla ni yuniti 19 na ushei. Dirisha lilelile la mita 3, likitazama kaskazini siku ya Juni isiyo na wingu, litaingiza yuniti 5 au 6. Hata ukiongeza kioo mara mbili hufiki, kwa sababu kioo hichohicho ndicho kinachovujisha usiku.

Sasa weka kihami cha sentimita 10 darini: yuniti 6 zinakuwa 0.85. Ziba nyufa mpaka hewa ibadilike mara 1 kwa saa: 6.4 zinakuwa 2.1. Funga shata za mbao, yaani vifuniko vya dirisha, usiku: 2 zinakuwa kama 1.1. Umeshuka hadi 9 bila kugusa kuta. Ukizihami kuta kwa nje kwa sentimita 5, yuniti 5 zinakuwa 1.4, na jumla ni 5.4. Hapo ndipo jua la dirisha linatosha.

Tazama mpangilio wa faida kwa shilingi: dari, nyufa, shata, kisha kuta. Dirisha kubwa, ambalo watu hulikimbilia kwanza, halina maana mpaka haya yawe yamefanyika.

Hatua ya 1: tafuta kaskazini ya kweli

Picha na ramani nyingi za nyumba za jua zinazopatikana mtandaoni zimechorwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, na zinasema madirisha yatazame kusini. Ukizifuata Mbeya, umeelekeza nyumba kwenye kivuli miezi yote ya baridi. Hapa, kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Juni 21 linasimama nyuzi 58 juu ya upeo wa kaskazini.

Dira ya simu hudanganywa na nondo, bati na gari lililoegeshwa karibu. Tumia kivuli:

1. Simamisha mti ulionyooka, mita 1 juu ya ardhi iliyosawazishwa kwa pima maji. Uhakikishe kwa timazi.
2. Funga kamba shinani na uchore duara la nusu-kipenyo cha mita 1.
3. Asubuhi, ncha ya kivuli inapogusa duara (mwezi Juni ni kama saa 4:40), piga kigingi. Alasiri itagusa tena, kama saa 8:55. Piga kigingi cha pili.
4. Gawa umbali kati ya vigingi viwili katikati. Mstari kutoka hapo kupita kwenye mti unaelekea kaskazini ya kweli.

Adhuhuri ya jua Mbeya si saa 6 kamili. Saa zetu zinafuata nyuzi 45 mashariki na Mbeya iko nyuzi 33.5, hivyo jua hufika katikati yapata saa 6:46. Anayepima kivuli saa 6 kamili atakosea mwelekeo kwa nyuzi nyingi.

Kiwanja kisiporuhusu, ukuta wa dirisha unaweza kugeuka hadi nyuzi 20 bila hasara kubwa. Ukilazimika kuchagua, geuza kuelekea mashariki: joto la asubuhi linakuja wakati nyumba iko baridi zaidi. Ukigeuza magharibi utapata chumba kinachochoma saa 10 jioni ya Oktoba.

Hatua ya 2: dirisha na ukingo wa paa

Kwa chumba chenye tungamo la kutosha, kioo cha kaskazini kiwe asilimia 12 hadi 15 ya eneo la sakafu. Kwa mita za mraba 20, ni mita 2.4 hadi 3. Chumba kisicho na tungamo, yaani sakafu ya mbao au zulia ukuta hadi ukuta, kisizidi asilimia 7. Zaidi ya hapo mchana hakikaliki. Kwa sebule yetu tumechukua dirisha la upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5, kizingiti cha chini kikiwa sentimita 60 kutoka sakafuni.

Ukingo wa paa ndio unaoharibu kazi hii mara nyingi zaidi. Jua la Juni adhuhuri, kwa kila sentimita 10 za ukingo unaotokeza, huangusha kivuli cha sentimita 16 ukutani. Baraza la kaskazini lenye upana wa mita 1.5 linaangusha kivuli cha mita 2.4. Dirisha lote limezimika, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini sebule ni baridi wakati jua linawaka uwanjani. Kama unataka baraza, liweke mashariki au kusini.

Kipimo tunachokipendekeza ni ukingo wa sentimita 45, mwisho wake ukiwa mita 2.5 juu ya sakafu na kichwa cha dirisha mita 2.1. Adhuhuri ya Juni kivuli kinafunika sentimita 31 tu za juu ya kioo. Kufikia Septemba 23 jua la adhuhuri limepanda hadi nyuzi 81, na ukingo huohuo unaangusha kivuli cha karibu mita 3. Dirisha lote liko kivulini kabla ya joto la Oktoba na Novemba, bila mtu kugusa kitu.  

Sentimita 45 ni chache kwa mvua ya masika inayopigwa na upepo. Kwa hiyo kozi (safu) 4 za chini za ukuta huo ziwe tofali za kuchoma zilizoiva vizuri, zipigwe lipu yenye chokaa, na kizingiti kiwe na mteremko wa nje na mfereji mdogo chini yake ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani.

Madirisha ya magharibi yapunguze hadi kiwango cha kupitisha hewa tu. Chumba cha kulala kikipata dirisha la wastani upande wa mashariki, kinapata joto mapema.

Kuhusu ukuta wa Trombe, yaani ukuta mzito mweusi nyuma ya kioo: umepewa jina la Mfaransa Félix Trombe, na nyumba za kwanza zilijengwa Odeillo kwenye milima ya Pyrenees mwaka 1967. Kule jua la Desemba husimama nyuzi 24 tu, linapiga kioo cha wima karibu uso kwa uso. Mbeya linakuja kutoka nyuzi 58, likikipiga kioo cha wima kwa mshazari, hivyo kila mita ya kioo inapata jua kidogo zaidi. Ukuta huo unafanya kazi hapa, lakini kwa fedha ileile dirisha la kawaida na sakafu nzito hukupa zaidi, pamoja na mwanga.

Hatua ya 3: sakafu, ghala kuu la joto

Kwa mzunguko wa siku moja, joto huingia ndani ya zege au tofali kama sentimita 10 hadi 12 tu kabla usiku haujaligeuza. Unene wa zaidi hausaidii. Kinachosaidia ni eneo. Kila mita 1 ya mraba ya kioo inahitaji angalau mita 6 za mraba za uso mzito, na 9 ni bora. Dirisha letu la mita 3 linataka kati ya mita 18 na 27. Sakafu inatoa 20, kuta za ndani zinaongeza.

Mpangilio kutoka chini kwenda juu:

1. Moramu, ishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 na maji kidogo.
2. Mawe sentimita 15 hadi 20, juu yake mchanga wa kuziba mapengo.
3. Karatasi ya nailoni nene, mikroni 250, ipandane sentimita 30 kwenye maungio na ipande kwenye kuta.
4. Zege la sentimita 10, saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kwa sebule hii ni mita 2 za ujazo: mifuko 13 ya saruji ya kilo 50, mchanga kama mita 0.9, kokoto kama mita 1.8. Mwagilia siku 7.
5. Lipu ya sakafu ya sentimita 2.5 yenye oksidi nyekundu, au marumaru za rangi ya kahawia iliyoiva.

Chini ya sakafu yenyewe hakuna haja ya kihami. Udongo wa chini unakaa karibu na wastani wa mwaka, nao hauibi joto kwa kasi. Mwizi yuko pembeni: ukingo wa zege unaogusa hewa ya nje kupitia msingi. Weka sterofomu ya sentimita 5 wima kuuzunguka upande wa nje wa msingi, ikishuka sentimita 60.

Mchwa hupenda sterofomu. Hawaili, lakini wanachimba njia ndani yake mahali usipoziona, mpaka kwenye kenchi. Kata sterofomu ya msingi isifike kwenye ile ya ukuta: acha utepe wa sentimita 30 wa lipu tupu juu ya ardhi, na juu ya msingi weka ukanda wa bati uliokunjwa kutokeza nje sentimita 5. Mchwa atalazimika kujenga njia yake ya udongo waziwazi, na utaiona. Tibu udongo wa msingi kwa dawa kabla ya moramu.

Jua la Juni litaanguka sakafuni kwenye ukanda unaofika mita 1.7 kutoka dirishani saa 3:45 asubuhi na mita 1.1 adhuhuri. Ukanda huo uwe mtupu. Zulia la sentimita 1 likitandikwa hapo, zege chini yake halipati kitu. Jua linapasha manyoya ya zulia, zulia linapasha hewa, na saa 7 mchana mtu anafungua dirisha kutoa joto ambalo angelihitaji saa 9 usiku. Sogeza makochi na zulia nyuma ya mita 1.8.

Sakafu iwe ya rangi iliyokolea. Kuta ziwe nyeupe au za rangi hafifu, ili mwanga utawanyike na kupasha nyuso zote badala ya ukuta mmoja.

Hatua ya 4: kuta za ndani

Ukuta unaotenganisha vyumba, wa tofali za kuchoma au tofali bichi wa sentimita 11 hadi 15, ni tungamo bora kwa sababu pande zake zote mbili ziko ndani. Usiujenge kwa jipsamu. Upige lipu ya udongo au ya saruji na chokaa moja kwa moja juu ya tofali. Mbao za kupamba ukuta na makabati yanayofunika ukuta mzima huifanya kazi yake kuwa bure.

Bloku zenye matundu zina nusu tu ya tungamo unalodhani umenunua. Kama ndizo ulizonazo, jaza matundu ya kuta za ndani kwa mchanga mkavu au zege dhaifu, kozi kwa kozi.

Hatua ya 5: dari

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, fanya hiki.

Vihami vinavyopatikana: sterofomu ya sentimita 10, uzito kama kilo 1.5 kwa mita ya mraba. Pamba ya kioo au ya mawe ya unene huohuo. Au maranda ya mbao, ambayo Mafinga na Makambako yanamwagwa na kuchomwa. Maranda yanahami pungufu ya sterofomu, kwa hiyo yafike sentimita 15. Uzito wake ni kama kilo 20 kwa mita ya mraba, na hapo fundi asifanye mambo kwa mazoea. Mbao za kushikilia dari ziwe kila sentimita 40, na jipsamu ifungwe kwa skrubu, si misumari.

Maranda hayawekwi ghafi. Changanya ndoo 10 za maranda makavu na ndoo 1 ya chokaa, geuza mpaka kila kipande kiwe na vumbi jeupe, ndipo umwage. Chokaa hufukuza wadudu na kuzuia ukungu. Moto ni hatari ya kweli: nyaya zote za darini zipite ndani ya bomba, maungio yote yawe ndani ya maboksi, na taa za kuchimbiwa darini zisitumike kabisa chini ya maranda. Bomba la moshi la jiko lipite angalau sentimita 30 mbali, likizungukwa na kizuizi cha bati.

Sasa jambo ambalo wengi hawalioni mpaka doa la kahawia litokee darini. Usiku wa kipupwe bati hupoa kuliko hewa, na mvuke wa ndani unaopanda hugeuka matone chini yake. Ukiwasha tochi darini alfajiri utayaona yamejipanga kwenye kila wimbi la bati, yakidondoka. Kihami kilicholowa hakihami. Fanya mambo matatu: acha angalau sentimita 5 za hewa kati ya kihami na bati, hasa kwenye kingo, weka matundu ya hewa yenye wavu kwenye ncha mbili za paa, na ziba kila tundu la darini linalotoka chumbani, yaani ya taa, ya nyaya na ya mlango wa dari. Mlango huo nao ubandikwe kihami mgongoni. Mara nyingi unasahaulika.

Hatua ya 6: nyufa na shata

Washa kijiti cha udi jioni yenye upepo, upite nacho polepole kando ya fremu, chini ya milango, na mahali ukuta unapokutana na dari. Moshi ukilala au kuvutwa, weka alama kwa chaki. Ziba kwa silikoni kwenye fremu, lipu kwenye mapengo ya ukuta, na mpira wa mlango chini ya mlango. Madirisha ya kusukuma pembeni huvuja kwa asili yake. Dirisha linalofunguka kwa bawaba na kubanwa na komeo ni bora kwa nyumba hii.

Shata za mbao za sentimita 2, zikibandikwa sterofomu ya sentimita 3 mgongoni, zifungwe jua linapozama na kufunguliwa jua likigusa kioo. Pazia zito ni nafuu yake, kwa sharti moja: liguse sakafu na juu lizibwe kwa boksi. Pazia lenye nafasi juu na chini hugeuka bomba, hewa ya chumba ikiingia juu, ikipoa kwenye kioo na kumwagika miguuni.

Nyumba iliyozibwa na jiko la mkaa haviendi pamoja. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichozibwa inaua watu usingizini. Jiko likiwaka, liwe nje au kwenye chumba cha kupikia chenye bomba la moshi na dirisha wazi. Ukishaziba nyufa, mwambie kila anayelala ndani, na wageni pia. Usizibe pia tundu la hewa la jikoni na bafuni.

Hatua ya 7: kuhami kuta za nje

Kama unaanza upya, jenga kuta mbili: wa ndani tofali za kuchoma sentimita 11 hadi 23 unaobeba paa, wa nje sentimita 11, katikati nafasi ya sentimita 5 yenye sterofomu, zikishikwa kwa vipande vya waya usioshika kutu kila sentimita 45 kwenda juu na 75 kwenda pembeni. Usiache udongo wa kujengea udondokee kwenye nafasi hiyo. Kila tonge linalounganisha kuta mbili ni daraja la unyevu na la baridi.

Kwa ukuta uliopo, bandika sterofomu ya sentimita 5 upande wa nje, yenye uzito wa kilo 15 hadi 20 kwa mita ya ujazo. Tumia gundi ya saruji na vishikizi 6 kwa kila mita ya mraba. Panga mabamba kama tofali, maungio yasifuatane. Juu yake weka wavu wa nyuzi za kioo, kisha lipu. Wavu ukiachwa, lipu itapasuka msimu wa kwanza kwa sababu sterofomu inapanuka tofauti nayo.

Usisahau linta. Mkanda wa zege unaozunguka nyumba hupitisha joto mara mbili kuliko tofali. Ukihami ukuta na kuuacha wazi, utaona mstari wa ukungu mweusi ndani, kimo kilekile pande zote.

Kupima na kusoma matokeo

Tundika kipimajoto katikati ya chumba, kimo cha kifua, mbali na jua na ukuta wa nje. Andika nyuzi saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri kwa siku 3 mfululizo zenye jua, kingine kikiwa nje kivulini. Fanya hivyo kabla na baada ya kila hatua.

Chumba kilichofanikiwa hupanda na kushuka nyuzi 3 hadi 5 kwa siku, ilhali nje ni 13 au 14. Mchana ukizidi nyuzi 27 na alfajiri ni baridi, tungamo halitoshi au limefunikwa: anza na zulia. Mchana na alfajiri vikiwa baridi vyote, tazama kivuli cha ukingo kwenye kioo saa 6:45, kisha rudia udi. Mchana ni mzuri lakini joto linaanguka kwa kasi kati ya saa 1 na saa 4 usiku, tatizo liko juu ya kichwa chako: panda darini ukapime unene wa kihami kwa rula, hasa kwenye pembe nne, ambako fundi huchoka na kuacha mapengo.